Vidonge Kwenye Kisosi cha Baba Mkwe

Ikinga, Ileje
Jumanne, 25 Februari 2025

Baba Angel,

Bahasha ya pili ya vidonge imefika. Asajile alisimamisha gari lake pale kwa wauza ndizi, akaniita kwa jina langu lote mbele ya watu, akanikabidhi kama vile ananipa hati ya shamba. Sisi wazima, ila Angel ana mafua ya mvua hizi.

Umeuliza kwa nini siku hizi sikupigii. Simu yangu unajua ilivyofia kwenye ndoo ya maji. Nikiazima ya watu, mtandao unapatikana palepale kwenye jiwe la nyuma ya kanisa, na pale hakuna anayeongea peke yake. Juzi mke wa mwinjilisti alimgombeza mwanawe aliyeko Mbeya, na kabla ya jioni kijiji kizima kilishajua kosa la mtoto. Laini ya baba ndiyo inashika hata uani, lakini mimi na simu ya baba mkwe wapi na wapi. Vumilia tu mwandiko wangu.

Sasa habari za mgongo. Unakumbuka tangu siku ile alipong'oa kisiki cha kahawa ulikuwa umekaza, hainami, hata viatu alikuwa anafungwa na dada yako Priska. Vidonge vyako nafanya kama ulivyoagiza. Asubuhi naweka kimoja kwenye kisosi, kisosi nakiweka kwenye sinia pembeni ya bakuli la uji, dada Priska anampelekea. Mgongo umelegea kweli, jana nimesikia ameinama mwenyewe kuokota fimbo. Lakini dada anasema baba siku hizi anachoka, asubuhi hana nguvu. Nami nasikia hivyohivyo. Sijui ni umri, sijui ni baridi. Nilitaka tu ujue.

Huko Tunduma watu wanakula meza moja na wakwe zao. Mimi mwaka wa nne huu naishi kwenye boma hili na, kwa mwiko wenu wa mkwe na mkamwana, baba yako hajawahi kusikia sauti yangu. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia migombani. Wiki iliyopita niliingilia kwenye siafu, nikasimama nang'atwa mpaka akapita, na sikutoa hata mguno. Ukoo wenu uniandalie nishani.

Mkeo,
Violet

*

Tunduma
Alhamisi, 27 Februari 2025

Mama Angel,

Barua yako nimeisomea juu ya magunia, maana foleni ya malori leo haisogei hata hatua. Habari ya siafu imenichekesha mpaka Clever akadhani nimepata kazi nyingine. Clever ni yule Mzambia niliyekwambia, ana kibanda cha dawa upande wa Nakonde. Kila sentensi kwake ni mukwai, neno lao la heshima, hata akikukatalia jambo anakukatalia kwa heshima. Madereva wanaotoka Lusaka na migongo imekufa wanameza vidonge vyake, kesho yake wanapanda usukani wanaimba.

Nimemweleza kuchoka kwa baba. Amesema ndivyo inavyokuwa kwa mtu mzima, misuli yake imekaza miaka na miaka, kidonge kimoja kinaanza kazi halafu kinaishiwa nguvu katikati, mwili unabaki umechoka. Kwa hiyo tunaongeza. Kuanzia Jumamosi mwekee viwili.

Aliniuliza kama mzee ana ugonjwa mwingine wowote. Nilimcheka. Baba yangu hospitali anaenda kuwaombea wagonjwa tu. Si ndiye aliyesema mbele ya wazee wa kanisa kwamba presha ni ugonjwa wa watu wa imani haba, mpaka mzee Rabson, na vidonge vyake mfukoni, akaacha uzee wa kanisa kwa aibu? Huyo hawezi kuwa na ugonjwa, ugonjwa wenyewe unamwogopa.

Mwambie dada asimpeleke shambani wiki hii. Mbusu Angel.

Mumeo,
Luka

*

Ikinga
Jumanne, 4 Machi 2025

Luka,

Nilikuandikia uongo. Nilisema nasikia baba anachoka. Sikusikia, niliona.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe 23. Nilikuwa nyuma ya jiko nachambua maharage, baba amekaa kwenye kigoda chake anangoja kengele ya kanisa. Kengele ikalia, akainuka, akasimama kidogo, akanyoosha mkono kama anatafuta ukuta, akaanguka chali na shati limefunguka lote. Nami nikafumba macho. Mtu anaanguka mbele yangu nami nafumba macho, kwa sababu mkamwana hatakiwi kumwona mkwe wake katika hali ile. Nilipofumbua alikuwa ameshakaa, anajipangusa udongo, anaangaza huku na huku kama kuna aliyemwona.

Ningekuandikiaje kwamba nimeona? Ungesoma kwanza kwamba mkeo alimtazama baba yako kifua wazi, ndipo ungesoma kwamba ameanguka. Basi nikaandika nasikia anachoka. Ukajibu niongeze viwe viwili, nami nikaviweka, kwa mkono huuhuu, huku najua nilichokiona.

Jumamosi ameanguka mlangoni. Jana ameanguka chooni. Dada Priska alimtoa ametota jasho, mwili wa baridi, midomo imepauka, anaongea kama mlevi, naye tangu azaliwe hajagusa pombe.

Sasa dada ameanza kuonja uji wangu. Anachota kijiko mbele yangu, anameza, ananitazama, halafu ndipo anabeba sinia. Kwa majirani amesema baba haanguki siku anazopika yeye. Na ni kweli, Luka, hilo ndilo linaloniua. Siku akipika yeye, husahau kisosi.

Asubuhi nilikwenda kumwaga majivu jalalani nikakuta maganda matupu ya vidonge, ya namna mbili. Moja ni la vile vyako. La pili si lako, limeandikwa jina jingine, nayo ni mengi, yamefunikwa na majani ya migomba kwa makusudi. Nimeyatia yote ndani ya barua hii. Yapeleke kwa mtu aliyesomea dawa. Usiyapeleke kwa Clever.

Leo niliweka kisosi kitupu. Haikupita hata robo saa dada akarudi jikoni akachukua bahasha nzima. Amesema baba anataka dawa ya mwanawe na haitaki ipitie mikononi mwangu. Vidonge sasa viko chumbani kwake, anavimeza anavyojua mwenyewe, na mimi siwezi kusimama mlangoni kwake nikamwambia baba acha. Nifanye nini? Nimtumie nani? Anayebeba maneno yangu kwenda kwake ni mtu yuleyule anayeonja uji wangu.

Njoo, Luka.

Violet

*

Tunduma
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mke wangu,

Asimeze tena vyangu. Hata kimoja. Nimeanza na hilo ili usome hilo kwanza.

Nimepeleka maganda kwa dada Ruti, yule mwenye duka la dawa karibu na stendi. Aliyatazama akaniuliza ni nani anameza hivi viwili kwa pamoja. Nikasema ni baba yangu. Akaniuliza kama bado yuko hai. Aliuliza hivyohivyo, Violet, bila kunizunguka.

Hiki changu kinaitwa tizanidini. Kinalegeza misuli, ni kweli, lakini pamoja na misuli kinashusha presha. Na hilo ganda la pili ni amlodipini. Ni dawa ya presha. Baba ana presha, Violet. Baba yetu yule. Anakunywa dawa ya kuishusha, na mimi mwanawe nikamletea nyingine ya kuishusha zaidi, halafu nikasema iongezwe. Akikaa yuko sawa. Akisimama, damu haifiki kichwani, anaona giza, anaanguka. Dada Ruti amesema dawa yangu si sumu, daktari humpa mtu baada ya kumpima na kumuuliza anatumia nini kingine. Mimi niliulizwa nikacheka.

Shika maneno yake haya. Vyangu vikome, na apelekwe hospitali akapimwe. Vile vya presha asiongeze na asiache kwa kichwa chake mpaka daktari aseme. Asiinuke ghafla. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ahesabu polepole mpaka thelathini, ndipo asimame akiwa ameshikwa. Akianguka msimkalishe wala msimnyweshe kitu, mlazeni chali, miguu iwe juu kuliko kichwa, muite watu.

Jana nilimpigia baba. Nilipotaja presha tu, akaniuliza nani amenitangazia kwamba yeye ni mgonjwa. Nikataka kusema ni mke wangu ameona maganda, nikanyamaza. Akasema, "Mimi sina presha, na dawa yako ndiyo inayonisaidia." Akakata. Tangu hapo hapokei. Nikampigia mke wa mwinjilisti akiwa pale kwenye jiwe ili akuite, nikasikia sauti za watu nyuma yake, nikafikiria siri ya baba ikianikwa pale. Nikaishia kumsalimia. Ndiyo, nilimsalimia nikakata simu. Nicheke au nilie, sijui.

Ningekuja leo. Msimamizi amesema atakayeondoka kabla malori ya shaba hayajavuka asirudi kazini. Nitakuja Jumamosi. Barua hii Asajile anaondoka nayo kesho, nimemwomba akupe mkononi na asikuite kwa jina lote.

Mwambie dada Priska. Mpigie magoti ikibidi. Asiposikia, sijui niseme nini. Siwezi kukuagiza ufanye ambacho mama yangu hakuwahi kukifanya mbele ya babu mpaka anaingia kaburini.

Luka

*

Isongole
Jumanne, 11 Machi 2025

Luka,

Nakuandikia kutoka kwa mama yangu. Angel hayupo na mimi.

Najua walikupa habari zao ulipofika hospitalini Jumamosi. Hizi ni zangu.

Barua yako niliipata Ijumaa saa nane mchana. Mvua ilikuwa inanyesha. Dada Priska alikuwa kaenda mashineni kusaga. Nilikaa nyuma ya jiko nikasoma, nikaisoma tena, na nilikuwa napanga maneno ya kumwambia dada akirudi. Nikasikia kigoda kimepinduka.

Baba alikuwa amelala kifudifudi uani, mkono mmoja umekunjwa chini yake, damu inatoka kichwani inachanganyika na maji ya mvua. Nilimwita dada Priska, nikasahau kwamba hayupo. Niliita majirani. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Halafu nikasimama. Sitakudanganya tena, nilisimama. Barua yako ilikuwa mkononi, inalowa, wino unachuruzika, na mimi nangoja atokee mtu yeyote mwenye ruhusa ya kumgusa. Sijui nilisimama kwa muda gani. Kila nikilala naipima upya ile dakika, na kila mara inakuwa ndefu zaidi.

Hakutokea mtu. Nikaenda. Nikamgeuza baba yako kwa mikono yangu, nikamlaza chali kama ulivyoandika, nikaviringisha kinu cha kutwangia nikaweka miguu yake juu yake. Nikavua khanga ya juu nikamfunika. Nikamwita. "Baba," nilisema. "Baba, fumbua macho." Ndilo neno langu la kwanza kwake tangu nimeolewa. Akafumbua. Akaniona, Luka, alinitambua kabisa. Halafu akafumba tena.

Dada Priska alitukuta hivyo, mimi nimemshika miguu. Ukelele alioutoa ndio ulioleta watu. Asajile alikuwa anarudi na gari, ndiye aliyemkimbiza Itumba. Nami, hata kabla gari halijaondoka, sikupewa nafasi ya kubadili nguo. Baba mdogo Jairo alisema nilianza kwa kuharibu uji, sasa nimemshika mkwe kwa mikono. Alisema niende kwetu mpaka kaka yake atakapofungua mdomo mwenyewe aeleze nilichomfanyia. Nikamchukua Angel mgongoni, wakamshusha. Mtoto ni wa ukoo, wakasema. Alikuwa ametoka usingizini, hakuelewa, akanipungia mkono kama naenda kisimani.

Ongea, Luka. Sema vidonge ni vyako. Sema baba ana presha. Nikikosa nyumba kwenu nitaishi, watu wanaishi. Bila mtoto wangu siwezi, na sitajifanya naweza.

Violet

*

Hospitalini, Itumba
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mama Angel,

Baba yu hai. Walipompima Ijumaa presha ilikuwa sabini kwa arobaini, daktari amesema wangechelewa kidogo tu wangemkosa. Kasema pia kwamba aliyemlaza chali akamwinua miguu ndiye aliyemfikisha hapa. Nilimwambia ni mke wangu. Baba mdogo Jairo alikuwepo, akatazama dirishani.

Nimeongea. Nimesema mbele yao wote kwamba vidonge nilivinunua mimi Nakonde na mimi ndiye niliyesema viwe viwili. Jairo akasema mume mwema humkingia mkewe. Nikatoa maganda ya presha. Akasema jalala ni la boma zima na wapita njia. Daktari akamuuliza baba mwenyewe, mbele yetu, kama kuna dawa nyingine anatumia, kama ana kadi ya kliniki mahali popote. Baba akatikisa kichwa. Hana kadi, hana presha, hana kitu.

Sasa presha yake inapanda na kushuka, na daktari anasema hawezi kumpangia dawa sawasawa bila kujua alikuwa anatumia nini, kiasi gani, tangu lini. Kichwani ameshonwa nyuzi sita. Amegeukia ukutani. Jana nililia pale pembeni ya kitanda, mtu mzima mimi na ndevu zangu, nikamwomba aseme neno moja tu. Hakugeuka.

Angel yuko kwa dada Priska. Anakula, ila kila gari la Asajile likipiga honi anakimbilia barabarani.

Niliyangoja malori ya shaba siku mbili. Sina la kujitetea kwa hilo, na sikuombi useme lolote.

Luka

*

Hospitalini, Itumba
Jumanne, 18 Machi 2025

Kwa Violet, mama wa mjukuu wangu,

Sijui mkwe huanzaje barua kwa mkamwana wake, hakuna aliyenifundisha. Wazee walikataza macho na mdomo. Kuhusu kalamu sikumbuki wakisema kitu, na wa kuwauliza wameshakufa wote. Nimempa Asajile akuletee mwenyewe. Nimemwambia akiifungua nitajua.

Nina presha. Huu ni mwaka wa tatu. Kadi ya kliniki iko ndani ya bitana la koti langu la kanisani. Nilishona kwa mkono wangu, ndiyo maana koti linakaa upande. Kila mwezi nilipoaga naenda Isongole kwenye kikao cha wazee, nilikuwa kwenye benchi la kliniki nimeshusha kofia mpaka kwenye pua. Mara mbili nilikaa benchi moja na Rabson. Alinisalimia, akasogea nipate nafasi, na hajamwambia mtu mpaka leo. Mimi nilimwaibisha mbele ya kanisa, yeye akasogea pembeni nikae. Mgongo haujawahi kuniuma hivyo.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu mzima. Vidonge vya Luka viliponiletea giza kila nikisimama, nilijua presha imepanda. Nitajuaje kama imeshuka? Mimi presha naijua kupanda tu. Basi nikaongeza vile vya kliniki, viwili badala ya kimoja. Nikaanguka. Nikasema kumbe imepanda sana, nikameza vitatu. Kadiri nilivyoanguka ndivyo nilivyoongeza, na maganda nikayafukia jalalani mwenyewe. Hakuna aliyenitilia kitu kwenye uji. Uji wako ulikuwa mzuri, nilikuwa nauramba mpaka mwisho.

Nilimsikia Priska akiuonja. Ukuta wa jiko lile ni mwembamba, nilisikia kijiko kikigonga bakuli na nikajua anafanya nini na kwa nini. Nilinyamaza. Kukutetea wewe kulikuwa ni kujitangaza mimi, nikachagua. Usifikiri sikuchagua.

Na Ijumaa ile. Nilifumbua macho nikakuona, mvua inakupiga, huna khanga, unaniita baba. Sikuzimia tena kama walivyokuambia. Nilifumba makusudi. Niliona aibu, nikafumba macho nikuache peke yako na hao watu, nikawasikia wanakufukuza, nikasikia Angel anashushwa mgongoni kwako. Nililala pale nikiwa na akili zangu zote.

Jana nimemweleza daktari kila kitu, ametafutiwa kadi ndani ya koti, amenibadilishia dawa. Leo nimewaeleza Jairo na Priska. Jairo ametoka nje hajarudi. Priska amelia sana, anataka kuja huko kwenu, nimemwambia angoje kwanza mimi nitangulie. Kama mwiko uliovunjwa unadai mbuzi wa kuusafisha, mbuzi huyo nitamtoa mimi, wewe hudaiwi.

Jumamosi naruhusiwa. Jumapili nitakwenda kanisani, nitasimama mbele ya watu wote na mbele ya Rabson, niseme haya kama nilivyoyaandika hapa, kuanzia kadi mpaka kufumba macho. Sikuombi urudi kabla hujasikia kwamba nimesimama. Angel atakuja na Asajile Ijumaa, iwe utarudi au hutarudi. Nimeshasema, na hakuna wa kunipinga.

Nikodemo

*

Isongole
Ijumaa, 21 Machi 2025

Baba,

Angel amefika. Amelala sasa, ameshika sikio langu asinipoteze.

Barua yako nimeisoma peke yangu, halafu nimemsomea mama. Sijamaliza kukasirika. Uji wangu ulionjwa kama wa mchawi na wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta unasikiliza. Hilo nitakuja kulisema mbele yako, kwa sababu sauti yangu sasa unaijua na siwezi tena kuirudisha migombani. Luka naye ana lake la kusikia, lakini la kwako ni kubwa.

Lakini Jumapili usisimame. Umelala hospitalini wiki mbili, dawa ni mpya, mwili haujaizoea, na mwinjilisti wetu unamjua akishika maombi. Asubuhi ukiamka kaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, uhesabu polepole mpaka thelathini. Usihesabu haraka ili umalize, nakuomba. Ukiona giza, lala tena, na usimeze chochote cha kuongeza. Dada Priska akushike mkono mpaka benchi la mbele. Mwambieni mzee Rabson akae pembeni yako, yeye anajua hali hiyo.

Uliyotaka kuyasema yaseme yote, ila yaseme ukiwa umekaa. Nitakuwa kwenye benchi la akina mama na Angel mapajani. Nitakuwa nakutazama, baba, kwa hiyo ukiyumba nitaona.

Mwanao,
Violet